Waliliacha gari la vita, wakamtupa mama yangu na takataka

Wakuu, nawasalimu kutoka Kisangani.

Humu mimi ni mtu wa kusoma tu. Napita, nacheka na visa vyenu, naondoka. Leo naandika kwa sababu nimejaa hadi hapa shingoni, na nisipoandika nitamtukana mtu barabarani.

Nitakayosema niliyaona mwenyewe. Pale nilipoambiwa, nitasema niliambiwa. Majina ya wakubwa sitaweka, sitafuti kesi.

Kiswahili changu mtanivumilia. Chetu cha huku kimelala kitanda kimoja na Kifaransa na Lingala, nitajitahidi kukinyoosha.

Bon, tuanze.

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nina chumba kidogo mtaa wa Makiso, daktari ananiletea vipimo vya mdomo, mimi namwaga plasta, nachonga nta, napika resini, jino linatoka. Ni kazi ya macho na vidole.

Sasa mtu wa kazi hiyo akipata muda wa bure anafanya nini? Mimi natengeneza magari madogo ya plastiki. Yale ya kuunganisha kwa gundi, yanayofuata vipimo vya gari la kweli, sisi tunaita maquette. Najua humu wapo wachache wa ugonjwa huu. Wengine mtasema huyu jamaa ni mtoto. Sawa, semeni, lakini someni hadi mwisho.

Papa yangu alifariki Yangambi, alikokuwa anaishi na mke wake wa pili. Baada ya matanga wakaniletea sanduku lake la bati kwa boti. Ndani kulikuwa na mashati, Biblia, redio iliyokufa, na gari la deraya la plastiki. Magurudumu sita, urefu wa kiganja na nusu hivi.

Nililikumbuka. Zamani jirani yetu alikuwa mwalimu mzungu, alipoondoka nchini akamwachia papa.

Hali yake ilikuwa aibu. Mtu alikuwa amelipaka rangi ya kijani ya milango, nene, hadi misumari midogo ya ubavuni haionekani. Magurudumu mawili hayapo. Mdomo wa bunduki umevunjika. Gundi imetiririka pembeni kama kamasi, na mende walikuwa wameshafanya humo chumba cha uzazi.

Nikaamua nitalifufua.

Wenye ugonjwa wangu, hivi ndivyo nilivyofanya. Rangi niliitoa kwa mafuta ya breki. Unalilaza gari ndani ya bakuli, unafunika, unavaa glavu, halafu unasugua taratibu na mswaki wa zamani. Plastiki haidhuriki, rangi inabanduka kama ngozi ya nyoka. Chini nikakuta alama zote za kiwandani bado zipo, kila bawaba, kila msumari. Nilifurahi kama nimeokota dhahabu.

Magurudumu yaliyopotea nilitumia ujuzi wa kazi. Nilichukua gurudumu zima, nikaligandamiza kwenye ile pasta tunayotia mdomoni mwa mgonjwa kupima meno, nikamwaga resini. Likatoka gurudumu la rangi ya ufizi. Nilicheka peke yangu. Mdomo wa bunduki ni sindano ya hospitali iliyokatwa. Antena ni plastiki niliyoipasha juu ya mshumaa, nikaivuta mpaka ikawa nyembamba kama unywele.

Halafu rangi ya kweli ya vita, iliyokufakufa, siyo ya milango. Kutu kidogo chini ya milango. Vumbi nililichota barabarani kwetu Mangobo, nikalichuja kwa soksi ya mwanamke, nikalipaka kwa brashi kwenye magurudumu. Likakaa kama gari lililotembea kweli.

Hapo ndipo nikajiuliza: limetembea wapi?

Wakuu, wale mnaojua habari za muji wetu mnajua kwamba majeshi mawili ya wageni yalikuja kupigana hapa Kisangani, ndani ya nyumba za watu, kama vile sisi hatumo. Sitaeleza siasa yake. Katika siku zile mama yangu alikufa mlangoni kwetu.

Mimi sikuwepo. Nilikuwa Yanonge kwa koko, mama yake mama, upande wa mto chini, watu wa samaki. Niliporudishwa muji mama alikuwa tayari amezikwa, na hakuna aliyenieleza chochote. Papa hakusema. Maman Véro hakusema.

Maman Véro ni mdogo wake mama, ndiye aliyetulea mimi na dada yangu. Ameuza samaki wa kukauka maisha yake yote, sasa miguu inamuuma, anakuja kwangu kazini mchana na liboke yake, samaki aliyepikwa ndani ya majani, anakaa kwenye kiti cha wagonjwa, tunakula pamoja. Kwa miaka yote hiyo ukimuuliza siku ile anakwambia, "Kula, chakula inapoa."

Basi nikaamua kutengeneza mahali pa kuliweka gari. Diorama ndogo, yaani mandhari juu ya ubao wa upana wa sinia. Kona ya barabara yetu. Nyumba yetu ya zamani, bati lake nikalikata kutoka tyubu ya dawa ya meno. Mchikichi mmoja. Na mwanamke anakimbia na bassin, beseni, kichwani na mtoto mgongoni, kwa sababu jirani aliwahi kunidokeza kwamba Maman Véro alikimbia hivyo na dada yangu, bado mchanga.

Nilichonga yule mwanamke kwa nta, nikammwaga kwa resini, nikapaka bassin rangi nyekundu.

Maman Véro akaja na chakula chake, akatazama mezani. Akavaa miwani. Akatazama tena.

"Ile bassin haikuwa nyekundu," akasema. "Ilikuwa bleu."

"Bassin gani, Maman?"

"Ile nilibeba siku ile."

Nikaweka kijiko chini. Niliogopa nikipumua atanyamaza.

Akaanza kusema. Siku ile moja alisema kidogo, kesho yake kidogo, wiki nzima hivyo hivyo, huku anatafuna. Kwamba gari la deraya lilisimama kona, linapiga juu ya mabati. Kwamba mama alimfungia mtoto mgongoni, akamtwika bassin yenye nguo. Kwamba jirani alikuwepo mwanamke mzee asiyeweza kutembea, mama akataka kwanza kumtoa.

"Yaya aliniambia, tangulia, nakuya." (Watanzania msichanganyikiwe, kwetu yaya ni dada au kaka mkubwa, siyo mlezi wa watoto.)

"Ukatazama nyuma?"

"Mutu iko na bassin ku kichwa na mutoto ku mugongo hawezi kugeuka. Nilisikia tu."

Yaani wakuu, huyu mama amebeba kwa miaka yote hii kitu ambacho hakukiona.

Nikamuuliza mama alikuwa amesimamaje alipomwacha. Akasimama, na miguu yake mibaya ile, akanionyesha. Mkono mmoja kwenye mlango. Mwingine unafunga kitambaa kichwani.

Nilimchonga mama yangu. Maman Véro alimkataa. "Yaya alikuwa munene kidogo." Nikachonga mwingine. "Shingo hapana." Nikachonga tena. Wa mwisho ana urefu wa kidole changu kidogo. Alimshika akamgeuza huku na huku karibu na dirisha, kisha akamrudisha mezani polepole.

"Ni ye," akasema.

Hapo nilielewa kwamba sitengenezi tena gari.

Sasa anaingia yule mtu.

Tutamwita Président, ndivyo anavyopenda kuitwa. Ni mkuu wa kamati moja hapa inayoandaa maonyesho ya mafundi na historia ya muji. Alikuja kwa ajili ya jino, akaiona diorama. Akainama, akapiga picha, akanishika bega.

"Batu balazima baone hii," akasema. "Hii ni mémoire ya mboka." Yaani watu lazima waione, ni kumbukumbu ya muji.

Nilimweleza. Nataka mlijue hilo vizuri: nilimweleza. Nilimwonyesha kwa kidole, huyu ni mama yangu, huyu ni mama mdogo, yuko hai, anauza samaki. Akatikisa kichwa kwa huzuni kama mtu yuko msibani. Nikakubali.

Siku moja kabla ya ufunguzi wakaja vijana wake wawili na gari, wakaibeba. Nikawaambia wasiiguse, kila kitu kimekwisha gundishwa. Wakasema oui, oui.

Maman Véro alikuwa hajaiona yote pamoja ubaoni. Alitaka kuiona siku ya ufunguzi, na watu. Alishona liputa mpya, kitenge cha kujifunga. Alialika wenzake wawili wa kwaya.

Asubuhi ya ufunguzi nilitangulia mimi. Ukumbi umepambwa, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, muziki. Nikatafuta meza yangu. Niliipita mara ya kwanza bila kuitambua.

Wakuu, sijui niandikeje.

Nyumba haipo. Mchikichi haupo. Watu hawapo. Lipo gari peke yake katikati ya ubao, na chini yake wamepaka rangi ya kijani, majani ya uwongo, kama kiwanja cha mpira. Na gari lenyewe wamelipuliza vernis. Ile ya kung'arisha samani. Linang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Vumbi langu la Mangobo, kutu, kazi yote, imezama chini ya mafuta yale.

Wenye ugonjwa wangu najua mmeshika kichwa. Subirini.

Niliinama karibu na kioo walicholifunika nacho. Pale mlango wa nyumba ulipokuwa, ndani ya rangi ya kijani, kulikuwa na vitu viwili vidogo vimesimama. Nikadhani ni uchafu.

Ilikuwa miguu ya mama yangu.

Gundi yangu ni ya meno, haiachii. Walimvuta akakatika kwenye vifundo. Miguu ikabaki, wakaipaka rangi juu kwa juu.

Nilimkuta Président karibu na kipaza sauti, suti ya bleu, anapanga viti vya wakubwa.

"Président, batu bako wapi?"

"Batu gani?"

"Ya maquette yangu. Na nyumba."

"Ah, ile. Tulitoa, mon cher. Ilikuwa inaleta huzuni. Leo ni fête, ni sherehe, autorités banakuya na bibi zao, na batoto. Gari ndiyo inavuta macho. Uliona vernis? Sasa inaonekana ya kweli."

Anasema hivyo anatabasamu, na meno yale nimeyatengeneza mimi.

Nilikuwa bado sijamjibu, Maman Véro akaingia. Liputa mpya, viatu vya Jumapili, wenzake wawili nyuma. Nilitaka kumzuia mlangoni. Nilichelewa, alikuwa ameiona meza. Alitambua gari.

Akavaa miwani, akainama. Akazunguka upande wa pili, akainama tena. Wenzake wanangoja waonyeshwe.

"Niko wapi?" akaniuliza.

Président akasogea, akafanya sauti ya upole, ile ya watu wakubwa wakisema na wauza samaki.

"Maman, hii ni art. Siyo photo. Tulibadilisha kidogo."

"Papa, siulize art. Nauliza yaya yangu iko wapi."

Mnajua alijibu nini? Nanukuu, nilikuwa nimesimama pale.

"Maman, batu bengi sana balikufa. Tukisema tuweke kila mutu, salle haitatosha."

Maman Véro akavua miwani, akaikunja.

"Nilikuya kuangalia moja tu," akasema.

Mimi mkono wangu ulikuwa tayari kwenye kioo. Nilikiinua, nikakiweka chini. Président akanishika mkono, akasema niache, kitu kikishaingia ukumbini ni cha kamati, na atamwita mlinzi. Nikamwambia mwite.

Mlinzi alikuwa tonton mmoja, baba wa makamo. Akaja, akatusikiliza wote wawili, akaondoka. Nilidhani amekwenda kuleta polisi. Akarudi na katoni ya sabuni.

"Vitu yako iko humu," akaniambia. "Balitupa jana na takataka, niliweka pembeni. Niliona sura ya batu."

Président akamwambia utaona. Yule tonton akarudi mlangoni kwake, akasimama kama kawaida.

Ndani ya katoni nyumba ilikuwa imebonyea kama mkebe uliokanyagwa. Maman Véro mdogo alikuwa mzima, bassin yake bleu kichwani, mtoto mgongoni. Mama alikuwa chini kabisa, kwenye vumbi la ufagio. Mzima hadi vifundoni.

Nikampa Maman Véro. Akamfuta kwa ncha ya liputa mpya.

Wakuu, nilitamani kupiga mtu. Mimi siyo mtu wa kupiga watu. Nilitamani kuchukua lile gari linalong'aa nimbamize nalo yule mwenye suti. Nilichofanya ni kubeba ubao wangu, na gari juu yake, nikatoka katikati ya watu waliokuwa wanaingia. Mmoja akaniuliza maonyesho yamekwisha? Nikamwambia yangu yamekwisha.

Nje tukachukua toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria. Maman Véro akakaa nyuma na katoni mapajani. Mimi nikatembea pembeni na ubao mikononi hadi Mangobo, machozi yananitoka ya hasira, watu wanatazama gari, wanasema, angalia lile gari zuri. Njia nzima. Zuri, zuri. Nilitaka kulitupa mtoni.

Nyumbani nikaweka kila kitu mezani na kuanza kusema. Jinsi ya kuitoa vernis. Nikiliingiza tena kwenye mafuta ya breki rangi yote itaondoka, ni kuanza upya. Nikijaribu spiriti labda itatoka juu tu. Nilisema muda mrefu, natembea huku na huku.

Maman Véro alinikatiza.

"Ile gari minaikumbuka vizuri," akasema. "Haikunitoka kichwani hata siku moja. Anza na mama yako."

Nikakaa.

Nilikwangua ile rangi ya kijani kwa kisu cha nta, pole pole, hadi miguu ikaonekana. Nikaitoboa kwa kekee ya meno, nyembamba kuliko sindano, nikatoboa na vifundo, nikapitisha waya ule tunaotumia kunyoosha meno ya watoto. Akasimama. Ukimtazama karibu utaona mstari pale alipokatika. Nilitaka kuupaka rangi, Maman Véro akakataa, akasema tumwache hivyo.

Nyumba nimejenga upya. Barabara nimerudisha vumbi.

Ubao uko kwa Maman Véro sasa, juu ya kabati ya vyombo, umefunikwa na kitambaa cha kushona. Wenzake wa kwaya walikuja, kisha wakaleta wengine. Kila mmoja anainama, halafu anaanza kusema ya kwao. Kuna mmoja alimtafuta kaka yake kwenye ile barabara, akijua hayumo. Mara mbili nimefika nikakuta sebule imejaa wanawake wanaongea mambo ambayo mimi, niliyeishi nao katika muji mmoja, sikuwahi kuyasikia.

Gari halipo ubaoni. Liko kwangu ndani ya katoni ileile ya sabuni, linang'aa.

Président anazunguka muji anasema niliharibu maonyesho, nina wivu, nimeiba mali ya kamati. Watu wawili wa heshima wamekuja kuniambia nikamuombe radhi kwa ajili ya amani. Nimewauliza kama mmoja wao alikwenda kumuomba radhi Maman Véro. Wakasema hilo ni jambo lingine.

Siyo jambo lingine. Ndilo jambo lenyewe. Na yule tonton mlinzi nimesikia hayupo tena pale mlangoni. Namtafuta. Kama kuna mtu wa Kisangani humu anayemfahamu, aniandikie.

Nilichojifunza? Usimkabidhi mtu kumbukumbu yako kwa sababu alishika bega lako na kutikisa kichwa. Kaa nayo. Lala nayo ukumbini ikibidi. Huruma ya yule mtu iliishia mlangoni kwangu, vijana wake walipoanza kung'oa watu ubaoni ilikuwa imekwisha.

Na jingine. Kuna watu wanapenda vita yetu kama inavyopendwa mechi. Wanataka bunduki, wanataka magurudumu, wanataka ing'ae. Sisi tuliokufa ndani yake tunawaharibia picha.

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Wenye ugonjwa wa maquette, niambieni kama kuna dawa ya kutoa vernis ya samani bila kugusa rangi ya chini. Wengine niambieni kama gari lirudi ubaoni au libaki katoni, kwa maana Maman Véro anasema lisirudi, na mimi naona bila gari mgeni hataelewa mama yangu alikuwa anajiandaa kukimbia nini.

Nitasoma yote. Ila kama unakuja kuniambia ni vidude tu vya plastiki, fungua uzi wako.